UZI: Don García de Silva y Figueroa, balozi wa Hispania kwa Shah Abbas: alikwama Goa, akarudi mikono mitupu, akaitambua Persepolis

Mwanahati

Wakuu, salaam. Humu jukwaani tukiongelea Wareno wa Mombasa na Maskati tunasahau jambo moja kubwa: kuanzia 1580 hadi 1640 Ureno na Hispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja. Ngome ya Yesu ilipoanza kujengwa 1593, mfalme aliyekuwa juu yake alikuwa Felipe II wa Hispania. Mwanawe, Felipe III, ndiye aliyemtuma mtu ninayetaka tumjadili hapa.

Don García alizaliwa Zafra, Extremadura, Desemba 1550, katika ukoo wa Figueroa, jamaa wa mabwana wa Feria. Alisoma sheria Salamanca, akapigana Flanders, akatumikia serikali kwa miaka mingi. Mwaka 1612 akateuliwa balozi wa kwenda kwa Shah Abbas wa Uajemi. Alipanda merikebu Lisbon tarehe 8 Aprili 1614 akiwa na miaka 63, umri ambao wenzake wengi walishakaa mashambani kwao wakisubiri mwisho.

Alifika Goa, makao makuu ya Wareno huko India, Novemba 1614 na kukaa hapo hadi Machi 1617. Aprili akawa Hormuz, kisiwa cha Wareno mlangoni mwa Ghuba ya Uajemi, Oktoba akavuka kwenda Gamru, bandari ya bara ng'ambo yake, Novemba akaingia Shiraz. Aprili 1618 alipita Persepolis, Juni akapokelewa na Shah mjini Qazvin. Akarudishwa Isfahan kusubiri, na akasubiri zaidi ya mwaka. Agosti 1619 akapewa barza ya mwisho, yaani kikao rasmi na Shah, akaondoka bila hata kimoja cha alivyotumwa. Kuanzia 1620 yuko tena Goa. Jaribio lake la kwanza la kurudi Ulaya lilikwama akarejea Goa. La pili alifia baharini Julai 1624, kabla ya kuiona Ureno.

Wengi wanaomtaja huishia kusema "ubalozi ulioshindwa". Hoja yangu ni kwamba ubalozi ule ulivunjikia Goa, kabla hajakanyaga Uajemi. Karibuni.

Nahodha_wa_Kusi

Mkuu umefungua uzi mzuri. Naomba niweke upande wa bahari, maana ratiba yake haieleweki bila pepo.

Merikebu za Lisbon za kwenda India zilitakiwa ziondoke Machi, ikichelewa sana mwanzo wa Aprili. Sababu ni kwamba lazima zizunguke Rasi ya Tumaini Jema mapema kiasi cha kulikuta kusi bado lina nguvu kwenye Bahari ya Hindi. Aliyepita Rasi kabla ya katikati ya Julai alipanda kwa njia ya ndani, kati ya Msumbiji na Bukini (Madagaska), akapata maji na chakula Kisiwa cha Msumbiji. Aliyechelewa alishauriwa apite nje, mashariki ya Bukini, njia ndefu isiyo na bandari, na wagonjwa wakafa wengi. Kuondoka tarehe 8 Aprili na kuingia Goa tarehe 6 Novemba ni karibu miezi saba. Ni safari ya aliyechelewa.

Goa kwenda Hormuz ni hesabu nyingine. Kusi likishachafuka Juni hadi Agosti, bandari za pwani ya magharibi ya India zinafungwa. Kwa hiyo kuna milango miwili kwa mwaka: baada ya kusi kutulia, au Machi mwishoni mwa kaskazi. Balozi aking'oa nanga mwezi Machi yuko sahihi kabisa kwa upepo. Lakini akinyimwa chombo au fedha Machi, hakosi mwezi mmoja, anakosa nusu mwaka nzima. Aliyetaka kumkwamisha hakuhitaji kumkatalia. Ilitosha kumwambia "wiki ijayo" mpaka upepo ugeuke.

Bi_Shangani

Shukrani Nahodha. Swali kwako Mwanahati: nani alitaka kumkwamisha na kwa faida gani? Mfalme ni mmoja, barua ina muhuri wa mfalme. Makamu wa mfalme wa Goa angethubutuje?

Mwanahati

Dada, hapo ndipo penye fundo. Felipe II alipochukua taji la Ureno aliwaapia Wareno katika baraza la Tomar, 1581, kwamba vyeo na mambo ya Ureno na makoloni yake yatabaki mikononi mwa Wareno wenyewe. Uajemi, Hormuz na Goa vyote viko upande wa Ureno. Sasa anakuja Mkastilia, yaani Mhispania si Mreno, tena mzee mwenye jina kubwa, na barua ya kuzungumza na Shah juu ya kichwa cha makamu wa mfalme. Kwa Goa hiyo ni kuvunjiwa ahadi.

Makamu wa wakati huo, Jerónimo de Azevedo, alikuwa na silaha zote za ofisini: yeye ndiye anayetoa merikebu, walinzi na posho. Alikuwa pia na udhuru wa kweli, maana Waingereza na Waholanzi walishaingia bahari ile na hazina ilikuwa tupu. Ukichanganya udhuru wa kweli na nia mbaya, aliyekaa Madrid hawezi kutenganisha kipi ni kipi. Barua ya malalamiko inachukua nusu mwaka au zaidi kufika, na jibu vivyo hivyo.

Na tazama kilichotokea akiwa amekaa Goa. Gamru, bandari ya bara inayotazamana na Hormuz, ilichukuliwa na majeshi ya Shah baada ya balozi kuondoka Lisbon. Desemba 1616 merikebu ya Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, James, ikatia nanga Jask, bandari ya Uajemi, na kushusha wafanyabiashara. Mwaka uliofuata wakapewa ruhusa ya Shah. Yaani wapinzani wake walifika Uajemi kabla yake, na yeye alikuwa wiki chache za bahari kutoka hapo.

Mjukuu_wa_Forodha

Niongeze la Hormuz, kwa sababu bila hilo Gamru inaonekana kijibandari tu.

Hormuz ni kisiwa cha chumvi na miamba mikavu. Hakuna mto, na visima vyake ni vya maji ya chumvi. Mji uliishi kwa vitu viwili: mabirika ya kuhifadhi mvua, na mashua za kuleta maji, kuni, mboga na nyama kutoka kisiwa cha Qeshm na bara ya Gamru. Utajiri wote ulikuwa ushuru. Hariri, farasi, lulu za Bahrain, pilipili manga na nguo za India vilipita hapo vikatozwa.

Fuata sasa mpangilio wa kufungwa kitanzi. Bahrain ilikwenda kwa Waajemi 1602, lulu zikaondoka. Gamru ikaenda, na maji ya bara yakawa mikononi mwa adui. Ikabaki Qeshm peke yake. Ndiyo maana 1621 kamanda Mreno Ruy Freire de Andrada alijenga ngome Qeshm, kulinda visima. Waajemi, wakisaidiwa na mizinga ya merikebu za Kiingereza, waliiteka ngome hiyo mapema 1622. Katika mapigano hayo aliuawa William Baffin, yule baharia ambaye ghuba kubwa ya kaskazini ya Amerika ina jina lake. Qeshm ilipoanguka, Hormuz haikuwa na pa kupata maji ya kutosha. Mei 1622 ikasalimu amri.

Kwa hiyo Don García alipokaa mbele ya Shah kudai Gamru na Bahrain zirudishwe, alikuwa anadai koo la Hormuz. Shah alijua hivyo hivyo, ndiyo maana hakutoa.

Kalamu_ya_Kale

Nakubaliana na wote kuhusu Goa, lakini tusimtoe balozi mwenyewe kwenye lawama haraka hivyo. Wekeni mezani alichokwenda nacho.

Aliomba Shah aendelee kupigana na Waturuki, arudishe Bahrain na Gamru, na awafungie mlango Waingereza. Mkononi alikuwa na zawadi nyingi, zilizopita kwa maandamano Qazvin mbele ya wageni wa mataifa mengine. Shah Abbas alikuwa mfanyabiashara kama alivyokuwa mpiganaji. Hariri ya Gilan na Mazandaran ilipita nchi ya Waturuki hadi Aleppo, nao wakatoza ushuru njiani. Alichotaka ni njia ya bahari ya kuiuzia Ulaya bila kumlisha adui. Huo ndio mlango. Mwenye kumpa mnunuzi wa uhakika na merikebu ndiye atakayesikilizwa. Waingereza walikuja na hilo. Balozi wa Hispania alikuja na heshima ya mfalme wake na madai.

Kuna na kidonda cha nyuma. Dengiz Beg, mjumbe wa Shah aliyetangulia kwenda Hispania pamoja na mtawa Mwagostino António de Gouveia, aliporudi 1613 aliuawa kwa amri ya Shah. Mojawapo ya makosa yake ni kwamba hariri ya Shah iliyopelekwa kuuzwa ilitolewa kama zawadi kwa mfalme. Baada ya hapo neno "zawadi" kutoka Hispania halikuwa na ladha tena Isfahan.

Mwanahati

Hoja nzito Kalamu, na ni kweli kwamba hakuwa na cha kutoa. Ila cha kutoa hakipangwi na balozi. Kutoa mkataba wa hariri kulihitaji Lisbon ikubali fedha na Goa ikubali merikebu, na hizo pande mbili zilikuwa zikivutana. Naye aliandika waziwazi kwamba Hormuz inalindwa vibaya na maofisa wake wanajitajirisha.

Halafu kuna suala la saa. Angefika 1615, vita vya Shah na Waturuki vilikuwa vinakaribia kuwaka upya, vikawaka 1616. Mwenye vita anahitaji marafiki. Alipopokelewa Qazvin Juni 1618 bado alikuwa na miezi michache ya thamani. Septemba 1618 Shah akafanya amani na Waturuki, mkataba wa Serav. Tangu siku hiyo balozi wa Hispania hakuwa na anachohitajiwa nacho. Barza ya Agosti 1619 katika uwanja mkubwa wa Isfahan ilikuwa ni kufunga mazungumzo tu. Mtawa Mkarmeli Juan Tadeo alikuwa katikati kama mkalimani.

Bi_Shangani

Tuhamie Persepolis tafadhali. Nimesoma mara nyingi kwamba yeye ndiye "mgunduzi", na wengine wanasema Gouveia alimtangulia. Ukweli uko wapi?

Kalamu_ya_Kale

Dada Bi_Shangani, tenganisha kufika, kutambua na kunakili.

Wenyeji hawakuwahi kupapoteza. Waliita Takht-e Jamshid, kiti cha enzi cha Jamshid, au Chehel Minar, minara arobaini. Gouveia alipita 1602 na akataja maandishi asiyoyajua. Don García alifika Aprili 1618, na alichofanya yeye ni kuthibitisha kwa hoja kwamba hapa ndipo Persepolis ya waandishi wa Kigiriki na Kilatini, jumba ambalo Aleksanda aliliteketeza mwaka 330 KK. Aliwajua waandishi hao vizuri. Alilinganisha mahali pa mlima na uwanda, mto waliouita Araxes na mto anaouona mbele yake, na maelezo ya jumba na mawe yaliyosimama. Hiyo ni kazi ya mtu anayesoma huku anatazama.

Ukipanda leo utaelewa kilichomshika. Ngazi kuu ni pande mbili, kila upande daraja 111, upana karibu mita 7, na kila daraja ina kimo cha sentimita 10 tu, unapanda bila kuhema. Juu yake nguzo za ukumbi mkubwa zina karibu mita 20. Zilikuwa 72, leo zimesimama 13.

Ila hazina yake ni maandishi. Alisema herufi zile si za Kikaldayo, si za Kiebrania, si za Kigiriki wala Kiarabu. Zote ni pembetatu ndefu, mfano wa piramidi nyembamba, na hazitofautiani kwa umbo bali kwa namna zilivyowekwa na kuelekezwa. Jaribu kuelezea mwandiko wa kikabari kwa mtu asiyewahi kuuona, uone kama utapata maneno bora kuliko hayo. Alimwagiza mchoraji wake anakili mstari mmoja.

Wengine wakati huo na hata baadaye walidhani ni nakshi tu za mawe. Yeye aliona ni mwandiko, na akaona kanuni yake: umbo moja, mielekeo mingi. Pietro della Valle, Mwitalia waliyekutana naye Uajemi, alinakili alama tano 1621 na kupendekeza zisomwe kutoka kushoto. Msafiri Carsten Niebuhr akanakili kwa usahihi 1765. Msomi Mjerumani Grotefend akaanza kuzisoma 1802. Mnyororo huo una kiungo kimoja cha Zafra.

Mwanafunzi_wa_Historia

Asanteni sana wakuu. Nataka kumsoma mwenyewe. Nianzie wapi, na mitego ni ipi?

Kalamu_ya_Kale

Kijana, aliandika vitu viwili vya kutafuta.

Cha kwanza ni barua ya Kilatini aliyoiandika Isfahan 1619 kwa Marquis wa Bedmar, ikachapishwa Antwerp 1620. Ni fupi, na maelezo ya Persepolis yako humo. Anza nayo. Ndiyo iliyowafikia wasomi wa Ulaya akiwa bado hai, na Mwingereza Samuel Purchas akaiweka kwa Kiingereza katika mkusanyo wake wa habari za safari wa 1625.

Cha pili ni Comentarios, kitabu kikubwa cha safari nzima. Hakikuchapwa akiwa hai. Cha kwanza kutoka kilikuwa tafsiri ya Kifaransa ya Wicquefort, Paris 1667. Kihispania chenyewe kilisubiri hadi 1903 na 1905, Madrid, juzuu mbili. Wicquefort alikata na kulainisha, kwa hiyo usijenge hoja ya sentensi moja juu ya Kifaransa chake. Nenda kwenye Kihispania.

Mitego iko hivi. Anajitaja kwa nafsi ya tatu, "Balozi" alifanya hili, "Balozi" alikataa lile, na msomaji mgeni hudhani ni mwandishi mwingine anamsifu. Ukilijua hilo utasoma kwa tahadhari pale anapoeleza ugomvi wake na Goa: huyo ni mlalamikaji anayetoa ushahidi wake. Umbali anautaja kwa legua, kadiria kilomita 5 na nusu kwa kila moja, na ukumbuke njiani alikuwa akikisia kwa mwendo wa msafara. Usirukie kurasa za mimea, mabirika, mavazi na anga. Novemba 1618 akiwa Isfahan aliziandika nyotamkia zilizoonekana mwaka huo, zilezile walizozitazama wanajimu wa Ulaya, na maelezo yake yana thamani ya kisayansi mpaka sasa.

Mjukuu_wa_Forodha

Ongeza mtego wa tarehe, huo unawaangusha hata wenye shahada. Hispania na Ureno zilihamia kalenda mpya 1582. Waingereza walibaki na ya zamani, nyuma kwa siku 10. Ndiyo maana kusalimu amri kwa Hormuz utakukuta tarehe 23 Aprili 1622 kwenye karatasi za Kiingereza na 3 Mei kwenye za Kireno. Ni siku ileile. Tena mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, hivyo vita vya Qeshm vya Januari 1622 huandikwa 1621. Kabla hujasema chanzo fulani kimekosea, badilisha kalenda kwanza.

Nahodha_wa_Kusi

Nimalizie safari ya kurudi, imetajwa kwa mstari mmoja tu huko juu.

Kutoka Goa kwenda Ureno unataka kaskazi likusukume kusini-magharibi, kwa hiyo uondoke mwisho wa Desemba au Januari, upite Rasi kabla majira ya baridi ya kule hayajaanza, kuanzia Mei. Ukichelewa unakutana na dhoruba za magharibi usoni. Merikebu yenyewe imejazwa pilipili kupita kiasi, mizigo ya watu binafsi iko hadi sitahani, mizinga imefunikwa na masanduku. Ikishindwa Rasi ina mawili: kujificha Kisiwa cha Msumbiji kusubiri msimu, au kugeuza kurudi India.

Mwaka 1624 walifanikiwa kupita, wakaingia Atlantiki. Hapo kinachoua ni kiseyeye, ambacho mabaharia wa Ureno walikiita ugonjwa wa Luanda. Miezi ya biskuti kavu na nyama ya chumvi bila tunda wala mboga: fizi zinavimba, miguu inajaa, vidonda vya zamani vinafunguka. Mzee wa miaka 73 hana akiba mwilini. Alifariki tarehe 22 Julai 1624, wakiwa wanakaribia visiwa vya Azores, akazikwa baharini. Karatasi zake zilifika.

Bi_Shangani

Allahu akbar. Kwa hiyo Hormuz ilipoanguka 1622 alikuwa hai, Goa, anasikia.

Mwanahati

Ndiyo dada, alikuwa Goa. Aliwahi kuonya, na habari ikamkuta akisubiri chombo cha kurudi kwao.

Kwa wasomaji wa Pwani na Oman nafunga na kiungo chetu. Baada ya Hormuz, Wareno walihamishia nguvu zao Maskati. Mwaka huohuo wa 1624 aliokufa Don García, Nasir bin Murshid alichaguliwa imamu Oman, akaanza kuwasukuma kutoka mji mmoja hadi mwingine. Mrithi wake Sultan bin Saif aliichukua Maskati 1650. Kutoka hapo meli za Oman zikashuka na kaskazi hadi kwetu, na Ngome ya Yesu ikaanguka 1698 baada ya kuzingirwa tangu 1696. Mwenye maelezo ya Maskati kati ya 1622 na 1650, hasa ngome za Jalali na Mirani, ashushe hapa chini tuendelee.